Trela linayumba nikifika kilomita 95 kwa saa: tatizo ni gari, ni upepo au ni mimi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nimenunua trela la kulala lililotumika, la ekseli moja. Likiwa tupu lina kilo 1,250 na kibao chake kinasema uzito wa juu ni kilo 1,600. Gari langu lina kilo 1,900 na kitabu chake kinaruhusu kuvuta hadi kilo 2,000. Safari ya kwanza tulikuwa watano. Kwenye mteremko mrefu, nikiwa kilomita 95 kwa saa, basi likatupita na trela likaanza kucheza mkia, kulia na kushoto, mpaka gari lenyewe likawa linavutwa huku na huku. Shemeji yangu ni dereva wa lori wa miaka mingi, na aliwahi kuniambia trela likiyumba ukanyage mafuta linyooke. Nikakanyaga, na kweli likatulia. Yeye ndiye aliyenishauri pia kuweka vitu vizito nyuma ya trela ili gari lisilemewe, kwa hiyo nilikuwa nimefunga baiskeli mbili nyuma kabisa, tenki la maji la lita 100 lilikuwa limejaa, na jenereta na makasha nilipanga karibu na ukuta wa nyuma. Muuzaji anasema nifunge tu stabilaiza, kile kifaa cha kuzuia trela kuyumba, mambo yataisha. Mke wangu ameapa hapandi tena. Ninunue hicho kifaa au nibadilishe gari? Na pia, kurudi nyuma nalo kumenishinda."*

Ndugu yangu, poleni. Mpe pole mkeo hasa, maana amekataa kitu ambacho hata mimi ningekikataa. Trela likianza kucheza mkia namna ulivyoeleza, kuna hatua chache tu kati ya hapo na gari kugeuzwa likatazama lilikotoka.

Kwa kifupi, usibadilishe gari, na stabilaiza isubiri kwanza. Kwa maelezo uliyonipa, safari yako iliharibika ulipokuwa unapakia mizigo, kabla hujawasha injini. Basi na mteremko vilikuja tu kuchokoza kitu kilichokuwa tayari. Habari njema ni kwamba kupakia upya hakuna gharama.

Nianze na shemeji, maana najua maneno ya dereva wa lori mwenye miaka yake barabarani yana uzito nyumbani. Simdharau. Ila lori la trela analoliendesha yeye limeungwa kwa namna nyingine kabisa. Kichwa cha lori hubeba pua ya trela juu ya ekseli zake za nyuma, au mbele kidogo ya hapo. Trela likivuta pembeni, nguvu inatua moja kwa moja kwenye matairi ya nyuma. Gari lako linavuta kwa tufe la chuma lililo nyuma ya bampa, labda mita moja na kitu nyuma ya ekseli ya mwisho. Ule urefu unaobaki nyuma ni wenzo. Trela likienda kushoto, mkia wa gari unasukumwa kushoto na pua inageuka kulia bila wewe kugusa usukani. Trela likirudi, pua nayo inarudi. Ndiyo maana ulihisi gari lenyewe linavutwa. Uzoefu wa lori ni mzuri kwa kona, kwa subira na kwa kusoma barabara, lakini katika suala la kupakia na kutuliza trela la namna hii usiutegemee.

Sasa, kwa nini trela liyumbe? Kila trela linalovutwa kwa tufe moja lina tabia ya kuzunguka kwenye tufe hilo. Likiguswa na upepo au shimo, mkia unatoka pembeni, na kinachourudisha na kuutuliza ni matairi ya trela lenyewe, ambayo yakisukumwa pembeni hung'ang'ania barabara. Lakini uwezo huo wa kutuliza hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka. Kwenye kilomita 50 kwa saa, mkia ukitikiswa unarudi mara moja na kutulia. Kwenye kilomita 80 utacheza mara mbili tatu kabla ya kutulia. Ukiendelea kuongeza unafika mwendo ambao matairi hayatulizi tena chochote, na kila mtikisiko unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Kila gari na trela lake vina mwendo huo wa hatari. Kwa trela lililopakiwa vizuri uko mbali, pengine juu ya mwendo ambao ungethubutu kwenda. Likipakiwa vibaya, mwendo huo unashuka mpaka unakukuta uko kwenye safari ya kawaida. Naamini wewe ulikuwa umeukaribia sana.

Kinachoupandisha au kuushusha zaidi ya yote ni uzito unaoegemea tufe. Umewahi kusukuma mkokoteni uliopakiwa nyuma? Mikono yake inanyanyuka, na kokoto dogo tu linauyumbisha. Trela ni hivyo hivyo. Mkono wake wa mbele, ule unaokamata gari, ni lazima ulikandamize tufe kwa uzito wa kutosha. Marekani kanuni inayotumika ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela lililopakiwa. Ulaya, ambako matrela na magari husanifiwa kwa namna nyingine na watu huenda polepole zaidi, hutumia kama asilimia 5 hadi 7, kwa sharti la kutovuka kikomo cha tufe na cha gari. Usichanganyikiwe na tofauti hiyo. Fuata kitabu cha trela lako na cha gari lako, na pale namba mbili zinapopingana, ile ndogo ndiyo inayotawala.

Tupige hesabu ya mizigo yako, kwa makadirio. Chukulia kutoka ekseli ya trela hadi kwenye tufe ni mita 4, na trela likiwa tupu linaegemeza kilo 110 kwenye tufe. Baiskeli mbili na fremu yake ni kama kilo 40, zimening'inia mita 3 nyuma ya ekseli. Zidisha 40 kwa 3, gawa kwa 4: zimeondoa kilo 30 kwenye tufe. Maji lita 100 ni kilo 100. Kama tenki liko mita 1.5 nyuma ya ekseli, limeondoa karibu kilo 38. Jenereta na makasha, tuseme kilo 60 kwenye mita 2, yameondoa nyingine 30. Jumla umepunguza kilo 98. Kwenye tufe zimebaki kilo 12, wakati trela sasa lina kilo 1,450. Hiyo haifiki hata asilimia moja! Shemeji alitaka gari lisilemewe, na kwa kweli halikulemewa, lakini trela lilikuwa karibu kuning'inia.

Sasa tuipange upya mizigo ile ile. Mwaga maji, ujaze huko uendako. Kilo 100 zimetoka na trela limebaki na 1,350. Baiskeli zilaze ndani sakafuni juu ya ekseli kwa mikanda, hapo haziongezi wala kupunguza kitu kwenye tufe. Jenereta na makasha yaweke nusu mita mbele ya ekseli, chini kabisa. Yanaongeza kilo 7 na nusu. Tufe sasa linabeba karibu kilo 118, kama asilimia 9 ya uzito wa trela. Kama kitabu chako kinataka 10 au zaidi, sogeza makasha mbele kidogo. Kama tufe lako lina kikomo cha kilo 100, yarudishe nyuma kidogo. Umeona? Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Lakini nakuonya kuhusu ujanja mmoja ambao watu huwa wanaugundua wenyewe baada ya kusikia hesabu hii: kuacha vitu vizito nyuma, halafu kuweka vingine vizito mbele kabisa ili tufe lipate uzito. Hesabu itakubali na barabara itakataa. Uzito uliokaa kwenye ncha mbili za trela ukishaanza kuzunguka ni mgumu kuusimamisha, hata kama mizani inasema sawa. Vizito vikae katikati, karibu na ekseli, na chini. Kabati za juu ni za nguo na mikate.

Na usivuke upande wa pili. Kilo 150 zikikaa kwenye tufe lililo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma ya gari, na gari lenyewe lina mita 2.8 kati ya ekseli zake, basi ekseli ya mbele inapoteza kilo 64 na ya nyuma inabeba 214. Usukani unakuwa mwepesi, taa zinamulika juu ya miti, na breki za mbele, ambazo ndizo hufanya kazi kubwa, zinapungukiwa na mshiko. Halafu kumbuka uzito huo wa tufe unahesabiwa kama mzigo wa gari. Kitabu kinasema gari linavuta hadi kilo 2,000. Sawa, lakini angalia pia gari linaruhusiwa *kubeba* kiasi gani. Likiwa ni kilo 500, mko watano wenye jumla ya kilo 340, buti ina kilo 60, zinabaki 100 tu kwa ajili ya tufe. Watu wengi wanavuta ndani ya kikomo na kubeba nje ya kikomo bila kujua.

Usikadirie kama nilivyokadiria mimi. Pima. Kwa uzito wa tufe, mizani ya kawaida ya kusimama nyumbani inatosha ikiwa kikomo chake ni kilo 150 au zaidi. Trela likiwa limepakiwa kama la safari, lisimamishe sehemu tambarare, zuia magurudumu kwa vigingi, kisha weka mizani na kipande imara cha mbao chini ya mkono wa trela, kwa urefu ule ule wa tufe la gari, na ushushe jeki taratibu mpaka mzigo wote ukae kwenye mbao. Bora zaidi ni mizani ya magari. Pima gari peke yake likiwa na watu na mizigo. Kisha funga trela, simamisha magurudumu ya gari tu juu ya mizani na ya trela yabaki nje. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo uzito wa tufe. Mwisho pima magurudumu ya trela tu, ujumlishe na uzito wa tufe, na hapo unaujua uzito halisi wa trela. Ile namba ya uzito wa trela tupu huwa haihesabu kila kitu ambacho mwenye trela wa kwanza aliongeza, kuanzia betri hadi turubai la kivuli.

Hilo la kukanyaga mafuta sasa. Ulikanyaga, likatulia, na mtu yeyote angeamini dawa imefanya kazi. Kuna chembe ya ukweli: gari likivuta kwa nguvu, mkono wa trela unanyooshwa kwa muda. Lakini wakati huo huo basi lilikuwa limeshapita na upepo wake, na pengine mteremko ulikuwa unaisha. Wewe ulikuwa unaongeza mwendo kuelekea mahali ambapo matairi hayatulizi tena. Kama lisingetulia, ungekuwa na trela linaloyumba kwenye kilomita 110 badala ya 95, na bado ungelazimika kupunguza. Safari ijayo usirudie.

La kufanya ni hili: ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani kwa mikono yote miwili, unyooke, utulie. Usijaribu kulifukuza trela kwa usukani. Mkia unaenda na kurudi kwa sekunde moja au mbili hivi, na mkono wa binadamu huchelewa kiasi cha kutosha kufanya sahihisho lako lifike wakati trela limeshageuka upande mwingine, ukawa unalisaidia. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu pia. Gari likisita, trela linalisukuma kutoka nyuma, na tairi linalofunga breki lina nguvu kidogo iliyobaki ya kushika barabara kwa upande. Kama trela lako lina breki za umeme na kidhibiti chake kiko karibu na usukani, sukuma kile kishikio cha mkono ili trela peke yake lifunge breki. Hiyo ndiyo kinga nzuri kuliko zote, kwa sababu inalinyoosha trela kutokea nyuma. Jua kilipo kwa kupapasa, bila kutazama. Kama breki zako ni zile zinazojifunga trela linapolisukuma gari, hakuna kishikio. Kuachia mafuta ndiyo kazi yako yote. Likishatulia, punguza mwendo, tafuta mahali salama pa kusimama, ukague mizigo na matairi. Usirudi kwenye mwendo ule ule. Haujabadilika kuwa salama kwa sababu umepumzika.

Kuhusu basi, unaweza kulitarajia. Gari kubwa linapokaribia kukupita linasukuma hewa mbele yake, na hewa hiyo inaupiga mkia wa trela kuelekea ukingoni. Likishakuwa sambamba nawe, hewa kati yenu inakimbia na unavutwa kuelekea kwake. Kusukumwa kisha kuvutwa, ndani ya sekunde chache, ni kama kuamrisha trela liyumbe. Kwa hiyo tazama vioo kila mara. Ukiona basi au lori linakuja, achia mafuta mapema, jipe nafasi upande wa nje wa njia yako, shika usukani imara, liache lipite. Kama vioo vya gari havionyeshi kilicho nyuma ya trela, ongeza vile virefu vya kufunga kwa muda. Sehemu nyingi ni sharti la sheria, lakini hata pasipo sheria utavihitaji.

Mteremko nao una hesabu yake. Pale gari linapopunguza na trela linasukuma, mkono ule hauvutwi tena na kila mtikisiko unakuwa rahisi. Punguza mwendo na uweke gia nzito *kabla* ya kuanza kushuka, injini ifanye kazi ya kuzuia. Breki zikanyagwe kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke, kisha uziachie zipoe. Mguu unaokaa juu ya breki kilomita nzima huzichemsha mpaka zinakosa nguvu pale unapozihitaji.

Mwendo gani basi? Mimi kwa trela lako nasema 80, na utanisamehe kama inaonekana kama utaratibu wa msafara wa harusi. Sisemi peke yangu. Ujerumani kikomo cha kawaida cha gari linalovuta trela ni kilomita 80 kwa saa, na ruhusa ya 100 hutolewa kwa masharti maalum. Uingereza ni maili 50 kwa saa kwenye barabara za kawaida, sawa na kilomita 80, na maili 60 kwenye barabara kuu za njia nyingi. California ni maili 55, yaani kilomita 88. Kutoka 80 hadi 95 nguvu ya mwendo ambayo breki zako zinapaswa kuimaliza inaongezeka kwa asilimia 41, na upepo wa pembeni na wa malori unaongezeka pia. Umbali kati yako na gari la mbele uwe sekunde tano au sita, zaidi kukiwa na mvua. Watu watajiingiza katikati. Rudi nyuma tena, usigombane nao.

Kwa kuwa trela lilitumika na wengine, kabla ya kuligusa tena tazama matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi la trela hukaa limeegeshwa juani miezi mingi, likazeeka kabla ya kuisha meno, na wengi katika kazi hii hubadilisha kati ya miaka 5 na 7 hata kama linaonekana jipya. Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye trela. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavu na kuchangia kuyumba, na linachemka mpaka kupasuka. Baadhi ya matairi ya trela pia yana mwendo wa mwisho ulioandikwa ambao ni mdogo kuliko wa matairi ya gari.

Kwenye kuunga, hakikisha tufe na kikombe cha trela, kile kinacholifunika tufe, vina kipimo kimoja, maana tofauti ya milimita chache inatosha kukifanya kikombe kichomoke shimoni. Ukishafunga kufuli, inua jeki ya trela kidogo mpaka mgongo wa gari uanze kunyanyuka nayo. Ukinyanyuka, imeshika. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono ili ukichomoka udakwe badala ya kuchimba lami, na ile waya ya breki ya dharura ifungwe kwenye gari lenyewe, isifungwe kwenye minyororo wala kwenye tufe. Trela likae sawa au pua ishuke kidogo. Pua ikiwa juu, tafuta tufe la urefu mwingine. Taa, indiketa, mtungi wa gesi umefungwa, hakuna mtu ndani ya trela wakati wa safari. Baada ya kilomita 80 hadi 160 za kwanza tangu gurudumu kufungwa, kaza nati tena kwa spana ya kupimia. Na ukisimama mara ya kwanza, pitisha kiganja karibu na kila habu (kitovu cha gurudumu) bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, breki inakwaruza au beringi inakufa.

Stabilaiza je? Sina ugomvi nayo. Zile za msuguano zinazokaba tufe au kubana mkono wa trela husaidia kweli kutuliza mitikisiko midogo, na safari ndefu hazichoshi sana ukiwa nayo. Zile za kukaba tufe zinataka tufe kavu, bila grisi hata chembe, la sivyo zinateleza tu. Pia kuna vyuma vya kusawazisha uzito, vinavyorudisha sehemu ya mzigo kwenye ekseli ya mbele ya gari. Ni vizuri kwa matrela mazito, ila baadhi ya watengenezaji wa magari huvikataza kabisa, kwa hiyo soma kitabu kwanza. Magari mengi ya sasa pia yana mfumo wa kielektroniki unaohisi kuyumba na kufunga breki za gurudumu moja moja. Uangalie kama lako linao. Wasiwasi wangu na ushauri wa muuzaji ni mmoja: ukifunga stabilaiza kwenye trela lililopakiwa kama lile, utaona limetulia kwenye 90, utajiamini, kisha litayumba kwenye 105, na hapo hakuna tena cha kulizuia. Pakia, pima, jaribu kwa mwendo wa 60, 70, 80 barabara ikiwa tupu na bila familia. Ukishaona liko vizuri, nunua stabilaiza kama nyongeza.

Kuhusu gari, Uingereza kuna ushauri wa muda mrefu kwa wanaoanza kuvuta kwamba trela lililopakiwa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Lako la kilo 1,900 lingeruhusu kama 1,600. Ukiwa na 1,350 au 1,450 uko ndani. Weka pesa yako kwenye matairi.

Kurudi nyuma: shika usukani kwa mkono mmoja, *chini* kabisa, pale saa ingeonyesha saa kumi na mbili kamili kwa mshale mfupi. Unataka mkia wa trela uende kushoto, peleka mkono kushoto, kulia, kulia. Ubongo unaacha kupinga baada ya dakika chache. Zungusha kidogo, mwendo wa kutambaa, na ukiona pembe kati ya gari na trela inazidi kukunjika usijaribu kuiokoa ukiwa bado unarudi nyuma. Simama, nenda mbele unyooke, anza tena. Shuka utazame mara nyingi unavyotaka, hakuna anayehesabu. Uwanja mtupu na vitu vya kuwekea alama, asubuhi moja, vitakufundisha kuliko maandishi yangu. Ukiwa barabarani, kwenye kona kumbuka trela linakata ndani. Ingia baadaye na kwa upana zaidi.

Yapo mambo ambayo hayasuluhishwi kwa barua. Kama baada ya kupakia vizuri na kupima, trela bado linayumba kwenye 80 pasipo upepo wala gari kubwa, liegeshe, usiendelee kujaribu. Mpelekee fundi anayejua matrela, akague ekseli kama imenyooka, springi, beringi, kikombe kama kimelika, na kama breki zinashika sawa pande zote mbili. Tairi linalolika upande mmoja, ufa kwenye kulehemu ya mkono wa trela, au mchezo ukilitikisa gurudumu lililonyanyuliwa, hayo yote ni ya fundi, siyo ya waya na matumaini. Hakikisha pia leseni yako inaruhusu uzito huo wa jumla, maana sheria hazifanani na bima inaweza kukugeuka. Na kama kuna mwalimu wa udereva anayefundisha kuvuta trela, nendeni wawili. Mkeo akiwa amejifunza naye, atajua kwa macho yake ni nini kimebadilika, na hatalazimika kuamini neno lako wala langu.

Ukishapima, niandikie namba tatu: gari peke yake likiwa limepakiwa, gari likiwa limeunganishwa, na magurudumu ya trela. Ongeza na tarakimu nne za kwenye tairi. Kwa hizo nitaweza kukuambia kama makasha yasogee mbele au nyuma, na kwa sentimita ngapi.